Maswali ya Wasomaji: Siku moja kisiwani Kerala, kati ya kipimo na kipimo

Katika toleo lililopita nilimjibu kwa ufupi msomaji aliyetaka kujua mtu afanye nini mjini Kochi, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, anapobakiwa na siku moja ya kungojea majibu ya hospitali. Nilimwambia avuke maji, aende akashinde kwenye kisiwa kimoja cha mashambani badala ya kuzunguka madukani. Aya zile mbili zimeleta barua nyingi kuliko nilivyotazamia, na nyingi kati ya hizo zimetoka Tanga, ambako hakuna mtaa usio na mtu aliyewahi kumsindikiza mgonjwa India. Nimechagua barua tatu, na kwa kuwa zote zinahusu jambo moja, safu yote ya toleo hili nimeliachia jambo hilo.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga. Mwezi wa Januari, Mungu akipenda, nitampeleka mama yangu Kochi kwa matibabu ya goti, na tumeandikiwa kwamba baada ya vipimo vya mwanzo tutakuwa na siku mbili au tatu za kungoja. Mama ana miaka 68, anatembea kwa fimbo, amezaliwa Pangani na hapendi kelele. Nimesoma uliyoandika kuhusu visiwa vya huko, nikatamani kumtoa siku moja apumue. Je, ataweza kupanda chombo? Twende kisiwa kipi? Tutakula nini sisi Waislamu? Na je, kuna hatari yoyote ambayo hukuieleza?

JIBU

Marahaba, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amjaalie mama wepesi katika matibabu yake. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu nami nilikwenda Kochi kumuuguza kaka yangu, na ninakumbuka jinsi siku ya kungoja inavyoweza kuwa ndefu kuliko siku ya upasuaji wenyewe.

Neno la kwanza ni la daktari. Mwambieni mapema kwamba mnataka kutoka kwa muda wa saa sita au saba, mtaje kuwa mtapanda chombo kidogo cha maji, na mkubali atakalosema. Safari hii ni ya kabla ya upasuaji. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti asipande mtumbwi hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu kupanda na kushuka ndiko kunakokunja goti kuliko jambo jingine lolote katika safari nzima. Kuhusu karatasi, naamini mmekwisha kuambiwa kwamba mgonjwa anaombewa viza ya matibabu na msindikizaji viza yake ya usindikizaji, na mapema muulize ubalozini kama mnatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo huchomwa siku zisizopungua kumi kabla ya kuingia India. Siku ya matembezi chukueni nakala za pasipoti, na pasipoti zenyewe ziacheni mahali salama mlikofikia.

Sasa nikueleze mahali penyewe. Pwani ya Kerala ina ukingo mwembamba wa mchanga na minazi, na nyuma ya ukingo huo, badala ya nchi kavu, kuna maji tena: maziwa, hori na mifereji iliyounganishwa pamoja, ambamo mito inayoshuka kutoka milima ya Ghats hukutana na maji ya bahari yanayopenya kutoka upande wa pili. Wenyewe huyaita kayal. Kubwa kuliko yote ni Vembanad, ziwa refu kuliko mengine yote ya India, lenye urefu wa karibu kilomita 96, na mji wa Kochi umekaa pale linapofungukia baharini. Chumvi ya maji hayo hubadilika kwa majira: mvua zikinyesha huwa karibu hayana chumvi, kiangazi kikishika bahari huingia ndani na chumvi ikapanda. Mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa sana habari hiyo, kwani ameona maji ya mto yakigeuka ladha mlangoni mwa bahari. Kinachotofautiana ni ukubwa, kwa maana huko si mdomo wa mto mmoja, ni nchi nzima inayoishi hivyo.

Visiwa viko vingi, lakini kwa mama mwenye fimbo ningechagua Kumbalangi. Kiko karibu na mji, kwa gari ni mwendo usiozidi saa moja hivi kama barabara haijasongamana, na kimezungukwa na maji pande zote ila kimeunganishwa kwa daraja, kwa hiyo gari litawafikisha karibu kabisa na nyumba ya wenyeji mtakakoshinda. Kilifanywa kuwa kijiji cha mfano cha utalii, na maana yake hasa ni kwamba familia za wavuvi na wakulima hupokea wageni nyumbani mwao, huwapikia, na huwatembeza kwa mitumbwi yao wenyewe. Huko mtaona nyavu kubwa za kichina zilizopangwa ukingoni, kila wavu umefungwa kwenye magogo marefu na kusawazishwa kwa mawe yaliyoning'inizwa kwa kamba, ukishushwa majini na kuinuliwa tena kama mkono wa mtu anayechota. Mtaona pia mashamba ya mpunga wa pokkali, ambao ninataka mama auone, kwa sababu ni mpunga unaovumilia chumvi: hupandwa mvua zinapoanza mwezi Juni, huvunwa kuanzia Oktoba, kisha shamba lile lile hufunguliwa maji ya hori yaingie na kambamiti wakafugwa humo hadi Aprili, wakila mabua yaliyooza na kuacha mbolea kwa msimu unaofuata. Januari mtakuta mashamba yamejaa maji, na mpunga hauonekani. Mwombeni mwenyeji awaeleze, maana anayepita bila kuambiwa hudhani ni bwawa tu.

Kama mama ana nguvu kidogo zaidi na anapenda kivuko, liko pendekezo la pili, kisiwa cha Perumbalam kilicho katikati ya Vembanad, chenye wakazi wanaokaribia 10,000. Wenyeji wake kwa miaka mingi wamevuka kwa boti za serikali ya jimbo kwenda shule, sokoni na hospitali, huku wakililia daraja. Boti huondoka Poothotta, kusini mwa Kochi, nauli ni ndogo sana, na abiria ni watu wa kawaida wenye vikapu na mabegi ya shule. Hapo safari yenyewe ndiyo matembezi. Hata hivyo, kupanda boti ya abiria kunataka mtu anayeweza kuvuka upesi kutoka gatini, na wakati wa watu kwenda na kutoka kazini hakuna atakayemngoja mama apange fimbo yake, kwa hiyo nendeni katikati ya asubuhi.

Kiko na Kakkathuruthu, jina ambalo maana yake ni kisiwa cha kunguru, kidogo, kinachofikiwa kwa mtumbwi, na sifa yake kubwa ni jua linapotua. Kwa sababu ya kutua huko kwa jua mtarudi gizani, nami sipendi mgonjwa arudi gizani juu ya maji. Kiacheni kwa safari nyingine.

Kuhusu chombo, wakala yeyote atakayesikia kwamba mnataka kuona maji atawaonyesha kwanza picha za nyumba zinazoelea, zile boti kubwa zenye paa la makuti na vyumba vya kulala. Ni boti nzuri na nitazisema tena hapa chini, lakini zina injini, hupita kwenye maji mapana tu, na kijiji utakitazama kwa mbali. Ombeni mtumbwi wa kusukumwa kwa upondo. Huo huingia kwenye mifereji myembamba ambayo ukinyoosha mikono unagusa majani ya pande zote mbili, na kwa kuwa hauna injini, mtasikia mtu akikuna nazi ndani ya nyumba, kuku akilalamika, na ule mlio wa upondo unapochomolewa kwenye tope. Saa mbili au tatu zinatosha.

Namna ya kumpandisha mama ni hii, na msiione haya kuisimamia: mtumbwi usogezwe ubavu kwa ubavu na gati na ushikwe na watu wawili, mama akae kwanza kwenye ukingo wa gati, ateremshe mguu mzima ndani kabla ya ule unaouma, kisha aketi moja kwa moja bila kusimama. Wenyeji wengi huweka kiti cha plastiki ndani ya mtumbwi kwa ajili ya wazee. Kikikaa sawa kinafaa, kikiyumba ombeni ubao wa chini na mto wa kukalia. Wote wawili mvae majaketi ya kuokolea maisha, na kama hayapo, msipande. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tarehe 7 Mei 2023, huko huko Kerala, katika mji wa Tanur, boti ya matembezi iliyopakia kupita kiasi ilipinduka jioni wakafa watu 22, watoto wakiwa miongoni mwao. Mtumbwi wenye watu watatu na mpiga pondo kwenye mfereji usiofika kifuani ni jambo lililo mbali na lile, ila tabia ya kukataa chombo kilichojaa ni ile ile kila mahali.

Chakula hakitawasumbua. Kwa sensa ya mwaka 2011, zaidi ya robo ya watu wa Kerala ni Waislamu, na Uislamu uliwafikia kwa bahari kama ulivyotufikia sisi, kwa hiyo neno halali linaeleweka na halimkeri mtu. Kwenye nyumba za Wahindu na Wakristo ombeni samaki na mboga, mtakuwa mmemaliza swali. Samaki wa kuulizia ni karimeen, jamaa wa perege, mfupi na mpana, mwenye miiba mingi, ambaye hupakwa viungo, akafungwa ndani ya jani la mgomba na kuokwa kwenye kikaango. Mihogo nayo ni chakula cha heshima huko, huchemshwa na kuliwa na mchuzi wa samaki mkali wenye ukwaju wao mweusi, na nilipopewa sahani hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu ilikuwa sahani ya nyumbani kwetu katika nchi ya watu. Maji ya kunywa mtaletewa ya vuguvugu, yenye rangi ya waridi. Msishangae, yamechemshwa na vipande vya mti wa dawa, na kwa mgonjwa maji yaliyochemshwa ni salama kuliko ya baridi. Mkiona kibanda chenye maandishi ya toddy, hilo ni tembo la mnazi, na vibanda vingi vya namna hiyo huuza pia chakula, kwa hiyo mkielekezwa mahali pa kula ulizeni kwanza ni nyumba gani.

Hatari ambayo sikuieleza mara iliyopita, na ninaomba radhi kwa hilo, ni ya maji yenyewe. Kerala husumbuliwa, hasa wakati wa mvua, na ugonjwa ambao sisi tuliusikia sana mwaka 2022 ulipozuka Lindi, homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine kwenye maji na tope. Januari si msimu wake mkubwa, lakini mwenye kidonda mguuni asikanyage tope wala kutumbukiza miguu mferejini. Chukueni pia dawa ya mbu. Mwezi mliouchagua ni mzuri, kwa maana mvua za kusi huingia Kerala mwanzoni mwa Juni, mvua nyingine hufuata Oktoba na Novemba, na kuanzia Desemba hadi Februari anga hutulia na joto halijapanda.

Bei mpatane kabla ya kupanda, na muulize kama chakula na mtumbwi vimehesabiwa pamoja. Na mama atafurahi kujua kwamba watu wa huko huitana kama tunavyoitana: mwanamke mtu mzima ataitwa amma, yaani mama, dada mkubwa ni chechi, kaka mkubwa ni chettan. Akimwita mwenyeji wake chechi atapata kitafunwa cha ziada, nina hakika na hilo.

SWALI LA PILI

Ndugu mwandishi, mimi ni mkulima wa minazi barabara ya Tanga kwenda Pangani. Sikuelewa kwa nini unawatuma watu wetu India wakaangalie minazi, mikoko na mitumbwi, vitu ambavyo tumezaliwa navyo. Fedha ya mgonjwa ni ngumu. Je, kuna kitu gani huko ambacho hakipo hapa?

JIBU

Nashukuru kwa uwazi wako, kaka, na sehemu ya hoja yako naikubali. Sikumshauri mtu yeyote apande ndege kwa ajili ya mtumbwi. Nilikuwa nikisema na wale ambao wako huko tayari, kwa shida, na wana siku mkononi. Lakini swali lako la mwisho linastahili jibu, kwa sababu nadhani mtu wa minazi ndiye mwenye mengi ya kuona kuliko mtu wa mjini.

Chukua kumbi. Huku kwetu makumbi mengi huishia kuwa kuni, ingawa bibi zetu waliyafukia wangwani kwa miezi, wakayachimbua, wakayaponda na kusokota kamba za usumba. Katika vijiji vya maji ya Kerala kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba kwa vizazi. Makumbi hufungwa kwenye nyavu na kuzamishwa mferejini kwa miezi sita, minane, hata kumi, mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi ziachie, kisha hupondwa kwa rungu la mti. Nilisimama uani kwa mama mmoja aliyekuwa akisokota. Gurudumu lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, mwenzake akilizungusha, naye amejifunga furushi la usumba kiunoni, nyuzi mbili zimekwisha kunasa kwenye ndoano, akawa anarudi kinyumenyume uani polepole, vidole vikilisha usumba bila yeye kuvitazama, mpaka mgongo wake ukakaribia mgomba wa mwisho. Hapo akasimama, akaunganisha nyuzi mbili kuwa kamba moja, akaikata, akarudi mwanzo. Kati ya mkono wake na mkono wa bibi yangu tofauti ilikuwa ni gurudumu tu, na gurudumu hilo ndilo lililomwezesha kuuza kamba kwa mita nyingi kwa siku badala ya kutengeneza ya kufungia mbuzi wake. Mkulima mwenye minazi angeweza kurudi na picha ya gurudumu lile akalipeleka kwa fundi seremala.

Chukua na mashua. Zile nyumba zinazoelea nilizozitaja kwa dada wa Chumbageni zinaitwa kettuvallam, jina lenye maana ya mashua ya kufungwa, na hapo zamani zilikuwa za kubebea mpunga na viungo. Mbao zake hazikupigwa msumari, zilishonwa kwa kamba ya usumba. Sisi tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa vivyo hivyo, na leo mtepe uko kwenye makumbusho. Wao walipoona malori yamechukua kazi ya mashua zao, waliziwekea paa na vitanda, na mafundi wa kushona wakaendelea kupata kazi. Sipendi kelele za injini zake, lakini ninaheshimu uamuzi ule, kwa sababu ufundi uliokoka.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike zile aya mbili. Kusini zaidi, katika wilaya ya Kollam, pale mto Kallada unapoingia kwenye ziwa Ashtamudi, kuna kundi la visiwa vidogo vinane viitwavyo kwa pamoja Munroe, kwa jina la Kanali John Munro, mwakilishi wa Waingereza katika falme za Travancore na Cochin kati ya 1810 na 1819. Kutoka Kochi ni safari ya treni ya saa kadhaa, na kisiwa kina stesheni yake ndogo, kwa hiyo mtu mzima wa afya anayeondoka alfajiri anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mifereji yake ni myembamba na madaraja yake ni mafupi hata wote mliomo mtumbwini mnainama. Ni mahali pazuri mno, na panadidimia.

Sisemi kwa mfano. Ardhi ya Munroe ilijengwa na tope la mto Kallada, ambalo kila mwaka wa mafuriko liliongeza tabaka jipya. Mto ulipofungwa kwa bwawa kule Thenmala ili kumwagilia mashamba ya bara, tope likabaki nyuma ya ukuta wa bwawa, na udongo wa kisiwa, ambao kwa asili yake hujishindilia na kushuka kidogo kidogo, haukuwa tena na cha kuufidia. Wenyeji wanataja pia tsunami ya mwaka 2004 na mtikisiko wa treni, na wataalamu wanaongeza kupanda kwa bahari, lakini kukosekana kwa tope hilo hutajwa na karibu kila unayemuuliza. Katika nyumba moja niliyokaribishwa, miguu ya kitanda ilikuwa imeinuliwa juu ya matofali mawili mawili, na ukutani mstari mweupe wa chumvi ulifika usawa wa goti langu. Mama mwenye nyumba alinionyesha baraza ambako zamani walipanda ngazi tatu kutoka uani. Ngazi iliyobaki juu ya ardhi ilikuwa moja. Watoto wake wamehamia ng'ambo. Yeye hujua siku za maji makubwa kwa mwezi, kama tunavyozijua sisi, na siku hizo huhamishia mchele juu ya kabati.

Kaka, hapo barabara ya Pangani unapolima kuna mikoko inayoshika tope la mito yetu, na wapo watu wanaoikata usiku kwa ajili ya mkaa na boriti. Niliporudi kutoka Munroe sikuweza tena kuyatazama mashina yaliyokatwa nikayapita. Hicho ndicho kitu ambacho hakipo hapa bado, na ndiyo maana ninataka watu wetu wakione.

SWALI LA TATU

Mimi ni kijana wa Tongoni. Nina mtumbwi na najua mikoko yetu tangu utotoni. Niliposoma kwamba wageni hulipa kutembezwa kwa upondo kwenye mifereji, nikafikiri nami nianze hapa kwetu. Je, nifuate utaratibu ule ule wa Kerala?

JIBU

Anza, mdogo wangu, ila utaratibu ule usiufuate wote, kwa sababu ya maji. Kule Kochi tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni kama mita moja, kwa hiyo mpiga pondo huondoka saa yoyote anayotaka mgeni. Kwetu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti hupita mita tatu. Mgeni utakayemwingiza kwenye mikoko ya Tongoni saa tatu asubuhi siku ya mwezi mpevu, ifikapo saa nne utakuwa umemkalisha kwenye tope pamoja na kaa.

Hesabu yake wazee wenu wanaijua, na ningekuomba ukae nao kabla hujapaka mtumbwi rangi. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji kwenye pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukirudi nyuma kwa hesabu hiyo utaona kwamba siku ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu ya mwezi mwandamo, na tena ya ishirini na sita hadi ya ishirini na nane, maji hujaa kati ya adhuhuri na saa nane, nayo yanazidi kupata nguvu kwa kuwa yanaelekea bamvua. Hizo ndizo siku zako. Unaingia na maji kuanzia saa tano, yakikusukuma yenyewe, unafika ndani kabisa yanaposimama, mgeni anakula kivulini, na unatoka nayo yakianza kupwa. Siku za maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, mtumbwi utaelea, lakini maji hayatafika ndani, na mgeni ataona ukingo wa nje tu.

Kuhusu vibali, maji ya Tongoni yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo nenda kwanza ofisi ya hifadhi ukaulize kiingilio cha mgeni na namna ya kukilipia, kisha uulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, wanachotaka kwa chombo kinachobeba abiria kwa malipo, hata kama ni kidogo. Serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa uvuvi wajue pia, maana mifereji ile ina mitego na madema ya watu. Majaketi ya kuokolea maisha yawe ya kwanza kununuliwa, kabla ya kiti na kabla ya mwavuli.

Ulichonacho wewe ambacho mpiga pondo wa Kerala hana ni pwani ya kusimulia. Msikiti na makaburi ya Tongoni, zaidi ya 40, viko hatua chache kutoka majini. Mbele ya Mtangata, kama palivyoitwa zamani, ndipo São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilipokwama kwenye fungu mwaka 1498 ikielekea India, na waliporudi mwanzoni mwa 1499, mabaharia wakiwa wamekufa wengi kiasi cha kushindwa kuziendesha meli zote, waliichoma moto huko huko. Da Gama mwenyewe alifia Kochi mwaka 1524, kwenye mdomo wa yale maji ninayoyaandikia hapa. Mgeni akisikia hayo akiwa ameketi mtumbwini mwako, akitazama fungu kwa mbali, hatakuuliza kwa nini huna injini. Mfundishe na miti: mlilana unaosimama mbele kabisa majini, mkoko wenye miguu, mkandaa, msinzi, mchu wenye majani yanayotoa chumvi ukiyalamba. Mwache ayalambe.

Usianze na wageni. Mwezi ujao, siku ya kumi na mbili ya mwandamo, mchukue mzee mmoja na rafiki mmoja, ingieni saa tano na saa mkononi, mwandike maji yamefika mti gani saa ngapi na yameanza kurudi saa ngapi. Fanya hivyo mara tatu katika miandamo mitatu. Kisha niandikie, nami nitawaambia wasomaji wakupate wapi na wapande siku gani.